Mikono ya Denny Vrabel

Jumatano ya Majivu, 14 Februari

Daftari hili amenipa wakili. Anaitwa Alyssa Renner, ofisi yake ya msaada wa kisheria iko juu ya maktaba, na kwa umri angeweza kuwa binti yangu. Aliniambia, "Bwana Hudak, andika unachokumbuka, lile tukio na maisha yako tangu siku ile. Usipambe. Nitachota humo maelezo ya kumpa jaji." Ombi langu la kufutiwa rekodi ya jinai limeshapokelewa mahakamani. Litasikilizwa Jumanne ya Juma Kuu, na mwenye neno dhidi yangu anaruhusiwa kuja kulisema.

Haya. Mimi ni Eugene Hudak, watu wananiita Gene, nina miaka sitini na moja. Nilikuwa fundi wa majokofu ya maduka mpaka nilipostaafu. Mke wangu ni Rosemary. Tunaishi juu, ngazi kumi na tisa kutoka barabarani. Tangu kiharusi cha mwaka juzi Rosemary huzishuka kwa makalio, moja baada ya nyingine, mkoba kaukumbatia kifuani, na hucheka njia nzima ili nisimwonee huruma.

Nyuma ya kanisa kuna nyumba za wazee, Maple Court. Chumba cha chini kitakuwa wazi baada ya Pasaka na wametushikia nafasi. Ila hawampokei mtu aliyewahi kuhukumiwa kwa kuchoma moto, hata kama ni miaka thelathini na tisa iliyopita. Mtu huyo ni mimi. Rosemary akiwa peke yake wangempokea kesho asubuhi. "Nikakae huko na nani, na redio?" ndilo jibu alilowapa.

Leo majivu yameangukia siku ya wapendanao. Nimemletea maua nikiwa na msalaba mweusi kwenye paji la uso. Amesema hajawahi kutongozwa na mtu aliyekuja na tangazo la kifo.

Ijumaa, 16 Februari

Samaki wa kwanza wa Kwaresima, wale ambao parokia hukaanga na kuuza kila Ijumaa. Theluji, na bado foleni imetoka ukumbini chini ya kanisa mpaka kwenye magari. Mimi nasimama karai la pili la mafuta, mwaka wa kumi na tano huu. Mkuu wetu ni Butch Kosar, ambaye hajawahi kumsifu mtu tangu azaliwe.

"Gene, huyo ni samaki au soli ya kiatu?"

"Ni soli. Nimekutengea wewe."

Nimerudi nyumbani nanuka mafuta mpaka kwenye soksi.

Jumatano, 21 Februari

Jumatano ni siku ya kutengeneza pierogi za kuchemshwa na kuuzwa Ijumaa. Akina mama na wanaume wachache wasio na kazi kama mimi tunakaa meza ndefu, tunajaza viazi na jibini ndani ya miduara ya unga, tunakunja, tunabana kingo kwa vidole. Zaidi ya elfu kwa asubuhi moja. Mkuu wa meza ni Marlene Toth. Anakagua kila kingo, na ukibana vibaya anakurudishia mbele ya watu.

"Hii itafunguka ndani ya maji, Gene. Mke wako alikukubali kwa lipi?"

"Kwa sura."

"Basi alikuwa na njaa."

Wamecheka wote. Baada ya hapo akafuta mikono kwenye aproni akanipa bahasha. Ni barua ya kunishuhudia tabia, Alyssa alitaka tatu na hii ndiyo ya tatu. Nimeisomea kwenye gari. Ameandika kwamba ananifahamu tangu utoto, kwamba ndimi niliyemtengenezea tanuri mara nne bila malipo, kwamba sikosi Jumatano. Kisha mstari huu: "Gene alikubali kosa lake tangu mwanzo, jambo ambalo kaka yangu mwenyewe hakuliweza mpaka anakufa."

Kaka yake ni Denny Vrabel. Tulishtakiwa pamoja.

Jumamosi, 24 Februari

Tukio, kwa ajili ya Alyssa. Machi 1985. Mimi na Denny tulikuwa na miaka ishirini na miwili, tulikuwa tumelewa. Tuliingia uani kwa Krupa, kwenye ghala la mbao. Denny aliwasha moto kwenye rundo la vumbi la mbao. Mimi sikumzuia. Ghala liliteketea, hakuna aliyeumia isipokuwa Denny mwenyewe. Nilikiri kushiriki na nikatoa ushahidi. Mimi nilipewa kifungo cha nje, yeye alifungwa miaka minne. Najuta.

Ndivyo ilivyo kwenye faili.

Jumatano, 28 Februari

Pierogi elfu moja mia mbili. Marlene amenirudishia sita.

Ijumaa, 1 Machi

Kikapu cha kukaangia kimeniteleza, mafuta yakaruka, mkono wa kushoto umebabuka kuanzia kidole gumba mpaka kwenye kifundo. Butch amesema nimeanza kujikaanga mwenyewe ili kuokoa samaki. Marlene alitoka jikoni, akanishika kiwiko kama mtoto mtukutu, akanipeleka kwenye sinki. Dakika kumi chini ya maji baridi, ameniwekea saa. Kisha akanipaka dawa, akanifunga kitambaa, taratibu sana.

"Denny alikuwa hivi mikono yote miwili," alisema. "Mama alikuwa akimlisha kwa kijiko. Hata mashati, mimi ndiye niliyekuwa namfunga vifungo, mpaka walipokuja kumchukua."

Nilikitazama kitambaa.

"Usiuloweshe," akasema, akarudi kwenye kabichi zake.

Jumapili, 3 Machi

Siku mbili nimekuwa nikiutazama ukurasa wa Februari 24. Kilichoandikwa pale ni uongo.

Niliwasha mimi.

Krupa alikuwa amenifukuza kazi wiki ile kwa kuchelewa. Nilikuwa nimelewa na nilitaka kesho yake afike kazini akute jambo. Denny alinifuata uani akiniambia twende, twende, Gene, twende tukale. Nilitoa kiberiti cha gesi, nikakiweka kwenye vumbi la mbao. Nilidhani litafuka moshi tu. Lililipuka. Mimi nikakimbia. Denny akavua jaketi akaanza kuupiga moto, jaketi lilipoanza kuwaka akaupiga kwa mikono. Najua kwa sababu niligeuka pale kwenye uzio nikamwona. Nilimwona, nikaruka uzio.

Aliposhindwa alikwenda mwenyewe kuvuta kengele ya zimamoto pale kona, kwa mikono ile. Wakamkuta ameketi ukingoni mwa barabara akiwasubiri. Siku mbili hakunitaja. Alisema alikuwa peke yake, anapita tu. Siku ya tatu polisi walinifuata mimi, kwa kuwa mtu alituona pamoja. Mpelelezi alinipa kahawa, akaniuliza nani aliwasha. Nikasema, "Denny. Angalieni mikono yake."

Sikufikiri. Ningependa kuandika kwamba nilifikiri nikapambana na nafsi yangu, lakini lilitoka kama mtu anayetaja jina lake.

Denny aliposikia akasema kweli. Wakati huo nani angemwamini? Siku ya kwanza alishadanganya kwa ajili yangu, na mikono ilikuwa ile. Mimi nililia mahakamani, machozi ya kweli, na mtaa mzima ukanisifu kwa kukubali kosa. Denny alitoka gerezani akakuta mchumba kaolewa na kazi hakuna. Akanywa miaka ishirini. Alikufa 2009. Nilibeba jeneza lake. Nilikuwa mbele, upande wa kushoto.

Ijumaa, 8 Machi

Mvua. Samaki wameisha saa moja na nusu jioni. Watu wanasema wa mwaka huu ni wazuri kuliko mwaka jana.

Jumamosi, 9 Machi

Nimeungama kwa Padri Stan. Miaka thelathini na tisa naungama, nikitaja hasira na uvivu na maneno machafu, hili nalipita pembeni kama shimo barabarani. Leo nimelitaja. Ilichukua dakika nne. Ameniondolea dhambi. Kisha akauliza, "Kuna aliye hai ambaye hili linamhusu?"

Nikasema yupo, hubana pierogi hapa chini kila Jumatano. Akasema malipizi yangu nadhani nayajua mwenyewe.

Jumatano, 13 Machi

Nilikwenda kumwambia Marlene. Nilikaa karibu naye makusudi. Alikuwa akisimulia habari za mjukuu wake aliyefaulu udereva. Nimebana pierogi mia na ishirini, kingo zote safi, hakunirudishia hata moja, na sikusema.

Alhamisi, 14 Machi

Rosemary ameanguka. Ngazi ya saba. Nilikuwa nyuma yake nimebeba mfuko wa nguo chafu, ningeuachia ningemdaka, sikuuachia. Hajavunjika kitu, nyonga imevimba na kuwa nyeusi. Ameketi pale kwenye ngazi ya sita muda mrefu, na leo hakucheka.

"Mwezi mmoja tu, Gene," alisema. "Mwezi mmoja nitavumilia."

Nimejiambia basi, nyamaza. Denny yuko kaburini, Rosemary yuko kwenye ngazi. Usiseme neno mpaka jaji apige muhuri. Nimeona ni hoja nzuri kabisa, kisha nikagundua ni ileile ya kwenye uzio: kuna mtu anaungua na mimi nina sababu ya kuruka.

Jumatano, 20 Machi

Nimemwambia.

Wengine walikuwa wameondoka, tumebaki sisi wawili tunakwangua unga mezani. Nilisema, "Marlene, barua yako siwezi kuitumia." Akasema nimekuwa mjinga, ameiandika kwa mwandiko mzuri mara mbili. Nikasema, "Denny hakuwasha. Niliwasha mimi. Yeye aliungua akizima."

Aliendelea kukwangua. Ile sauti ya chuma juu ya mbao. Nikadhani hakusikia, nikaanza kurudia, akainua mkono niache.

"Aliniambia," akasema.

"Nani?"

"Denny. Sebuleni kwa mama, mikono imefungwa vitambaa mpaka hapa. Aliniambia, 'Marly, siyo mimi, ni Gene.' Unajua nilimwambia nini?" Akaweka chini chuma chake cha kukwangulia. "Nilimwambia awe mwanamume, akubali alichofanya, kama Gene. Nilikutaja wewe. Miaka yote ile nimekuwa nikimwambia. Akija Krismasi amelewa, namwambia, mtazame Gene, ana mke, ana kazi, kwa sababu alikubali. Mtazame Gene."

Nilisema samahani. Neno dogo kuliko yote niliyonayo.

"Usiniombe mimi," akasema. "Mimi mwenyewe nina wa kumwomba, na hayupo."

Akavua aproni, akaikunja pande nne, akaiweka mezani. Alipofika mlangoni akauliza, bila kugeuka, "Rosemary anajua?"

Nikasema hajui.

"Mwambie leo. Asisikie kwa mtu."

Baadaye, siku hiyohiyo. Nimemwambia Rosemary. Alikuwa anamenya karoti kwa ule mkono mzuri. Alimaliza karoti yote. Akasema alijua kuna kitu, kwa sababu kila mwaka siku ya kumbukumbu ya Denny huwa natengeneza kitu ambacho hakijaharibika. Kisha akasema nilale sebuleni wiki hii. Nikaweka mto kwenye kochi.

Ijumaa, 22 Machi

Marlene hakuja. Kiti chake hakuna aliyekikalia. Butch aliuliza nani kamuudhi, nikasema mimi. Alifungua mdomo anitanie, akanitazama, akaufunga. Tangu nimjue, hilo sijawahi kuliona.

Jumamosi, 23 Machi

Nimekwenda kwa Alyssa nikamsomea ukurasa wa Machi 3. Alivua miwani. Barua zote tatu alikuwa ameshazipeleka mahakamani.

"Bwana Hudak, kwa kesi yenyewe hakuna tena wa kukushtaki, muda umepita. Lakini ukilisema mahakamani, jaji anaweza kukukatalia. Na usiposema, mimi siwezi kusimama niseme uongo wa kwenye faili."

Nikamuuliza kama rekodi ya Denny inaweza kufutwa pamoja na yangu. Akasema ombi hupeleka mwenyewe, na marehemu hapeleki ombi.

Jumanne ya Juma Kuu, 26 Machi

Rosemary alisisitiza kuja. Ngazi kumi na tisa kwa makalio, ndani ya gauni lake la Pasaka.

Ukumbi wa mahakama ulikuwa karibu mtupu. Jaji mwanamke, nywele fupi, kikombe cha chai pembeni. Mwendesha mashtaka kijana, hakuwa amezaliwa mwaka 1985. Alisema upande wake hauna pingamizi. Krupa alishakufa, ghala ni uwanja wa kuegesha magari. Jaji akauliza kama kuna mwingine mwenye neno.

Kiti kikakwaruza sakafu kule nyuma. Marlene, amevaa koti la kanisani.

"Mheshimiwa, mimi ni Marlene Toth. Niliandika barua, mnayo hapo. Kuna mstari unaomtaja kaka yangu. Nataka mstari huo nirudishiwe. Yaliyobaki ni kweli, tanuri alitengeneza."

Jaji aliutafuta, akausoma, akanitazama. "Bwana Hudak, unaelewa anachosema?"

Nilisimama. Alyssa aliniachia nafasi. Nilikuwa nimeandika maneno, nikayaacha mezani. Nikasema niliwasha mimi kwa kiberiti changu, kwamba Denny Vrabel alijaribu kuuzima kwa mikono yake, ndiye aliyevuta kengele, na mimi nikaitumia mikono hiyo kumfunga. Nilisema vibaya, nikirudiarudia. Mwandishi wa mahakama alikuwa akipiga chapa muda wote, nikasikia kila neno langu likiingia kwenye mashine. Nilifarijika kwa sauti ile. Nikasema moyoni, angalau sasa limeandikwa.

 Nilimwona jaji akimtazama Rosemary na fimbo yake. Mwisho alisema alichosikia ni kizito, na kwamba angetamani kingesemwa mbele ya jaji mwingine, zamani. Lakini leo anaulizwa jambo moja, kama mtu huyu wa miaka sitini na moja bado ni hatari kwa jirani zake, na mtu aliyekuja kusema haya mahali ambapo hakulazimishwa, haoni kwamba ni hatari. Ombi limekubaliwa. Rekodi yote ifutwe, faili na kila kilichomo.

Rosemary alinishika mkono wenye kovu, mara ya kwanza tangu Jumatano.

Marlene alikuwa bado amesimama. "Mheshimiwa, na haya aliyosema sasa hivi?"

"Ni sehemu ya faili hili, mama."

"Kwa hiyo nayo yanafutwa."

"Ndiyo. Yanafutwa."

"Na ya Denny?"

Jaji alilifunga faili langu. "Faili la kaka yako halipo mbele yangu, mama. Pole sana."

"Linabaki."

"Linabaki."

Marlene aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelezwa njia, akachukua mkoba wake akatoka. Mlangoni karani alinipa karatasi, akasema kwa furaha, mtoto wa watu, kwamba kuanzia sasa nikiulizwa kama nimewahi kuhukumiwa naweza kujibu hapana, kisheria halikutokea. Nilimshukuru. Maple Court nimewapelekea mchana. Tunahamia tarehe mosi Mei.

Alhamisi Kuu, 28 Machi

Sijala vizuri. Nimepata nilichoomba. Katika kaunti hii Denny Vrabel alichoma ghala akiwa peke yake, na mimi sikuwepo.

Ijumaa Kuu, 29 Machi

Asubuhi, kabla ya kwenda kukaanga. Leo ndiyo foleni kubwa kuliko zote, Butch anataka tufike mapema. Amepiga simu kusema Marlene amerudi, yuko jikoni tangu saa moja, hamsemeshi mtu.

Daftari hili halimo kwenye faili. Nimemuuliza Alyssa, akasema ni mali yangu, amri ya jaji hailigusi, nifanye nitakavyo. Nimelisoma tena lote. Nilitaka kuuchana ukurasa wa Februari 24, kisha nikauacha. Atakayelisoma auone na uongo wenyewe ulivyokuwa mfupi na msafi.

Nitampa Marlene. Nimemweleza Rosemary maana yake: Marlene akitaka atalisoma ukumbini kwa sauti, na meneja wa Maple Court hula samaki meza ya nne kila Ijumaa. Rosemary alikuwa akivaa viatu. Alifikiri mpaka akamaliza kufunga kamba, na kwa mkono mmoja hilo si jambo la haraka.

"Mpe," akasema. "Ngazi nimeshazijua."

Mimi, Eugene Hudak, kwa mkono wangu: moto wa ghala la Krupa, Machi 1985, niliuwasha mimi. Dennis Vrabel aliungua mikono yote miwili akijaribu kuuzima. Alimweleza dada yake kweli.